Usukani wa kulia katika njia ya kulia: majirani wamejifunza nini?

Lori linalopakia mzigo katika bandari ya Dar es Salaam kuja Bujumbura huikata Tanzania karibu yote, kutoka pwani hadi magharibi, likishika upande wa kushoto wa barabara. Linapomaliza taratibu za Kabanga na kuingia Kobero, linahamia upande wa kulia. Kitu kimoja tu hakihami: dereva. Alikaa kulia alipoondoka Dar es Salaam, na kulia atakaa mpaka mwisho wa safari. Kule alikotoka kiti hicho kilikuwa katikati ya barabara, karibu na magari yanayomjia. Huku kwetu kimekuwa pembeni, juu ya mfereji.

Jambo hili haliwahusu madereva wa malori ya kigeni peke yao. Magari mengi yanayotembea katika barabara za Burundi yalitumika kwanza Japani, nchi inayopita kushoto, nayo yalifika kwetu kwa njia ile ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo dereva wa teksi wa Buyenzi, mfanyabiashara wa Rumonge na mtumishi wa ofisini mjini Gitega wanaishi na hali ambayo dereva wa Dodoma haijui: sheria inawataka wapite kulia, na kiwanda kimewaketisha kulia. Wengi wameizoea kiasi cha kutoiona tena. Majirani zetu, kila mmoja kwa namna yake, wamelazimika kuitolea uamuzi.

Ukitazama ramani, mstari unaowatenga wanaopita kushoto na wanaopita kulia unaanzia Ziwa Tanganyika, unapita Manyovu, Kabanga na Rusumo, unapanda Kagitumba, Katuna na Bunagana, kisha Mpondwe, hadi Ziwa Albert. Mashariki yake zipo Tanzania na Uganda, na nyuma yao Kenya. Magharibi tupo sisi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mstari huo haukuchorwa na mhandisi wa barabara. Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita hivyo Ubelgiji ikaichukua Ruanda-Urundi, Uingereza ikaichukua Tanganyika, na kila mmoja akaleta desturi ya barabara ya kwao. Kihangaza cha Ngara na Kirundi cha Muyinga vinaelewana bila mkalimani, lakini Mhangaza na Mrundi wakikutana darajani kila mmoja akiwa katika gari lake, mmoja wao ni lazima abadilishe mkono.

Hata maneno yametengana. Mtanzania huuita mzunguko wa barabara kipilefti, neno lililozaliwa kutokana na kibao cha Kiingereza kilichomwamuru dereva ashike kushoto. Akifika Bujumbura na kipilefti chake kichwani, ni lazima akizunguke kwa mkono wa pili.

Burundi na Rwanda zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, hesabu ilikuwa rahisi: watatu kushoto, wawili kulia, tena hao wawili ni wageni, wadogo na wasio na bahari. Si ajabu kwamba katika miaka iliyofuata yalisikika mazungumzo ya kuhamia kushoto. Lakini jumuiya haikubaki ile ile. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024, na zote tatu hupita kulia. Leo wa kulia ni watano na wa kushoto ni watatu. Hata hivyo bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ambazo sisi tusio na bahari tunazitegemea, ziko kwa wale watatu. Wingi wa wanachama upo upande mmoja, mlango wa bidhaa upo upande mwingine. Katika mizani ya namna hiyo hakuna atakayekubali kuhama, na anayesubiri suluhisho litokee huko atasubiri sana.

Magari nayo hayangoji. Nchini Japani gari jipya la abiria hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo huwafanya wengi waliuze gari likiwa bado na nguvu. Hapo ndipo bei nafuu inapotoka. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, ilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na zaidi ya nusu ya hayo yaliyokwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati yaliishia Afrika. Kenya imeweka kikomo cha miaka 8 tangu gari litengenezwe, nayo husajili magari ya usukani wa kulia, isipokuwa machache ya kazi maalumu. Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria inayozuia magari ya zaidi ya miaka 15. Gari lililofungiwa mlango mmoja hutafuta ulio wazi, na wafanyabiashara wa Japani, kama wale wa Mombasa na Dar es Salaam, hawana sababu ya kutafuta usukani wa kushoto kwa ajili ya wateja wachache wa bara.

Sasa tuingie barabarani, maana huko ndiko gharama inapolipwa.

Fikiri dereva aliyekaa kulia, akipita kulia, nyuma ya lori lililobeba saruji katika mlima wa kwenda Bugarama. Mbele yake anaona mlango wa nyuma wa lori, mfereji, na waendesha baiskeli walioshikilia vyuma vya lori ili livute mzigo wao mlimani. Njia ya magari yanayoteremka haioni kabisa, kwa kuwa upana wa gari lake lote upo kati ya jicho lake na mstari wa katikati. Mwenzake aliyekaa kushoto angesogeza bega tu akachungulia. Yeye, ili aone, ni lazima kwanza alitoe gari karibu lote katika njia ya wengine. Yaani anaingia hatarini ndipo aijue hatari.

Ndiyo maana katika safari za mikoani aliyekaa kiti cha mbele kushoto hugeuka kuwa jicho la dereva. "Kuna kitu?" "Hakuna, pita!" Neno hilo la pili limebeba maisha ya watu wote waliomo, na anayelitamka mara nyingi hajawahi kushika usukani. Hajui kukisia mwendo wa basi linaloteremka kwa kilomita 80 kwa saa, hajui gari walimopanda linahitaji urefu gani ili kumaliza kulipita lori. Ameulizwa kama anaona gari, naye amejibu kwa uaminifu kwamba halioni. Dereva amesikia kwamba njia ni salama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kati yake watu hufa.

Madereva wazoefu wa njia hizi wana kanuni walizozipata kwa woga na kwa mazishi ya wenzao. Ya kwanza inapingana na silika: anayetaka kulipita lori asilisogelee, bali arudi nyuma. Aliyebanana na lori haoni kitu. Aliyeacha mita 30 au 40 huona pembeni mwake na mbele yake, na akiamua kupita huwa ameshapata kasi kabla ya kutoka. Ya pili ni ya kona. Barabara ikipinda kulia, aliyekaa kulia huweza kuona kwa ndani ya kona, ubavuni mwa lori, na kuisoma njia ya mbele ambayo muda mfupi baadaye itafichika tena. Ikipinda kushoto, kwake ni giza. Kwa hiyo hutazama katika kona ya kulia na kupita katika sehemu iliyonyooka inayofuata, kama alichokiona bado kinatosha. Kanuni ya tatu ni fupi: abiria asiyeendesha gari haulizwi.

Haki inatudai tuseme kwamba kiti cha kulia kina faida yake. Dereva huona ukingo wa barabara vizuri kuliko mwenzake wa kushoto: huona mtoto aliyesimama kwenye nyasi, baiskeli yenye ndizi, na mahali lami iliporomoka. Katika milima ya Italia, nchi inayopita kulia, malori mengi ya zamani yaliundwa yakiwa na usukani wa kulia, na kampuni ya Lancia iliendelea kuunda magari madogo ya namna hiyo hadi miaka ya 1950, sababu ikiwa ni hiyo hiyo ya kuuona ukingo wa bonde. Lakini huo ulikuwa wakati wa magari machache na mwendo wa pole. Siku hizi anayetuua zaidi ni anayekuja mbele.

Usiku huleta jambo jingine, ambalo mafundi wanalijua na wenye magari wengi hawalijui. Taa ya mbele iliyoshushwa haimuliki sawasawa pande zote. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hukatwa hivi kwamba mwanga unabaki chini upande wa kulia, ili usimchome anayekuja, na unainuka upande wa kushoto, ili umulike ukingo na waenda kwa miguu. Ilete taa hiyo Burundi bila kuigusa, na mambo yote mawili yanapinduka. Sehemu ya mwanga iliyoinuka inaelekea macho ya dereva anayekuja, na ukingo wetu wa kulia, wanakopita watu na baiskeli, unabaki gizani. Dereva anayechomwa hudhani mwenzake amekataa kupunguza taa, naye huwasha zake kubwa kwa hasira. Wote wawili walikuwa wamepunguza. Wamepishana bila kuona, na huenda katikati yao alikuwepo mtu mwenye baiskeli isiyo na taa.

Dawa ya hili haina siri. Kuna taa za miundo ile ile ya Toyota zilizotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia. Fundi hutoa za zamani na kupachika hizo. Baadhi ya taa zina kitasa kidogo nyuma yake, ambacho kikisogezwa hubadilisha upande wa mwanga. Na kwa asiyeweza lolote kati ya hayo, kipande cha gundi kisichopitisha mwanga, kikibandikwa mahali panapostahili kwenye kioo, huzuia ule mwanga unaoinuka. Waingereza wanaovuka bahari kwenda Ufaransa na magari yao hufanya hivyo kila mwaka na hawaoni ni jambo la ajabu.

Mlango wa basi dogo ni mgumu zaidi. Hiace iliyoundwa kwa ajili ya Japani ina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, kwa sababu huko kushoto ndiko kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kwetu kushoto ni katikati ya barabara. Basi linasimama kulia kama sheria inavyotaka, kondakta anavuta mlango, na mama mwenye mtoto mgongoni anashukia pale pale magari yanapopita. Kisha huzunguka nyuma ya basi au mbele yake kuutafuta ukingo. Mwendesha pikipiki anayelipita basi lililosimama hana namna ya kujua ni wakati gani mguu wa mtu utatokea. Yeye mwenyewe chombo chake hakina kulia wala kushoto. Amekaa katikati na anaona pande zote, lakini hulipia makosa ya viti vya wengine, mara kwa mlango, mara kwa gari dogo linalochomoka nyuma ya lori bila kumwona. Shirika la Afya Duniani husema kofia bora iliyofungwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo kwa zaidi ya mara 6. Ni kweli na inafaa kurudiwa, ila kofia haimrudishi barabarani aliyekwisha kugongwa mguu.

Nchini Rwanda jambo hili lina sura mpya. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria mjini Kigali ni lazima ziwe za umeme. Kwa hewa ya mji na kwa mfuko wa mwendeshaji huenda ni neema. Lakini pikipiki ya umeme haisikiki ikija, na popote ambapo abiria hushukia katikati ya barabara, sikio ndilo lililokuwa mlinzi wake wa mwisho.

Rwanda hiyo hiyo ndiyo iliyolichukulia suala la usukani kwa ukali zaidi katika ukanda huu. Ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia, kwa hoja ile ile ya usalama wa kupitana. Matokeo yake ni kwamba magari mengi ya Kigali yanalingana na barabara zake. Gharama yake ni kwamba mnunuzi ilimbidi ayapite masoko ya karibu na kutafuta gari Ulaya au nchi za Ghuba, kwa bei kubwa zaidi, na wenye kampuni za usafirishaji walibaki wakishindana na malori ya Tanzania na Uganda yaliyonunuliwa kwa bei nafuu. Baadaye serikali ililegeza kwa upande wa malori ya mizigo. Somo lake liko wazi: katazo linawezekana, lakini analipa mnunuzi, na linaanza kupasuka kwa wale wanaoshindana na jirani.

Penye katazo la namna hiyo huzaliwa pia kazi ya kugeuza usukani. Ikifanywa kwa vifaa kamili vilivyotolewa katika gari la aina ile ile lenye usukani wa kushoto, ni kazi halali: mtambo wa usukani chini ya gari, dashibodi, pedali, silinda kuu ya breki na nyaya vyote huhamishwa. Lakini vifaa hivyo ni ghali. Kwa bei ya chini fundi hukata mhimili wa usukani, akaunganisha kwa vyuma vya kuchomelea, akavuta breki kwa fimbo ndefu kutoka upande wa pili, na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ukatupwa kwa kuwa hauna pa kukaa. Gari hilo hupendeza kwa macho. Siku kiungo kilichochomelewa kitakapoachia katika mteremko, dereva atakuwa ameshika gurudumu lisiloshikamana na kitu. Kati ya gari hilo na lile lenye usukani wa kulia wa kiwandani, mwandishi wa makala haya angepanda la pili bila kusita.

Kongo ni kisa cha nchi mbili ndani ya moja. Magharibi, magari hupitia bandari ya Matadi na mengi hutoka Ulaya, yenye usukani wa kushoto. Mashariki, soko la Bukavu, Goma na Bunia hulishwa na Dar es Salaam na Mombasa, na usukani wa kulia umeenea. Amri inayotolewa Kinshasa kuhusu usukani humkuta mtu wa Kivu hana duka jingine la kununulia. Hali yetu inafanana na ya Kivu zaidi kuliko ya Kigali, na hapo ndipo tunapaswa kujitazama tunapofikiria amri yoyote.

Wanaodhani tatizo hili ni la Afrika wanasahau Uswidi. Kwa miongo mingi Waswidi walipita kushoto huku magari yao mengi yakiwa na usukani wa kushoto, yaani kinyume chetu kama katika kioo, na walikufa kwa kupitana vile vile. Mwaka 1955 waliulizwa kwa kura kama wahamie kulia, na zaidi ya watu 8 katika kila 10 walikataa. Serikali ilihama hata hivyo, alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967. Mambo mawili yaliyowagharimu sana ni haya tunayoyasema: taa za magari zilibidi zibadilishwe, na mabasi yalihitaji milango upande wa pili. Baadhi ya mabasi yaliyoshindikana yaliuzwa Pakistani na Kenya, kwa wanaopita kushoto. Samoa nayo ilihamia kushoto mwaka 2009 ili ipate magari ya bei nafuu ya Australia, New Zealand na Japani. Lakini Samoa ni visiwa, na hakuna lori la jirani linaloingia kwake kwa daraja.

Kwa kuwa hatuna fedha za Uswidi wala bahari ya Samoa, yanayobaki ni madogo, na pengine ndiyo maana hayajadiliwi katika mikutano mikubwa. Ukaguzi wa gari linaloingia nchini kwa mara ya kwanza ungeweza kudai taa za upande wetu, jambo ambalo mafundi wa Buyenzi wanaliweza kwa siku moja. Kioo cha ziada upande wa kushoto, mbele, humsaidia aliyekaa kulia. Mabasi madogo yanaweza kupangiwa vituo vilivyojitenga na barabara, ili anayeshuka kushoto asikanyage lami ya magari. Shule za udereva zingeweza kufundisha kupitana kwa kiti cha kulia, maana wanafunzi wengi watakwenda kuendesha gari la namna hiyo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba nchi hizi hazijui kukubaliana kuhusu barabara. Zimekubaliana tani 56 kuwa kikomo cha uzito wa malori, na kadi ya njano ya bima ya COMESA inamtosha dereva kuvuka nchi kadhaa. 

Kwa sasa lori la Dar es Salaam linapofika Kobero jioni, dereva hutoa pasipoti, kadi ya gari, bima na karatasi za mzigo. Uzito wake ulishapimwa njiani. Muhuri unagongwa, kizuizi kinainuliwa, naye anahamia kulia na kuelekea Muyinga. Giza limeanza kuingia. Anawasha taa, anazishusha kama mstaarabu, na mwanga wake unaoinuka unaangukia upande wa kushoto, machoni mwa yeyote anayepanda kuja mpakani.